Kiingereza cha Mikononi

Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, inasifika kwa majahazi na mikeka. Hakuna aliyetarajia kijiji hicho kitoe mwalimu wa Kiingereza wa kupeleka ng'ambo, mimi mwenyewe nikiwa wa mwisho. Lugha hiyo niliipata kama walivyoipata wengi wa rika langu Kenya: mwalimu akitamka, darasa likiitikia, na aliyeponyokwa na Kiswahili akivishwa kibao shingoni hadi amnase mwenzake. Nyumbani hapakuwa na wa kuzungumza naye. Kiingereza changu kiliishia daftarini.

Serikali ya Kenya ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu wapya tangu 1998, ikijaza tu nafasi zilizoachwa wazi. Nilihitimu ualimu, nikakaa na cheti. Wakati huo huo shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza zilikuwa zikichipuka Dar es Salaam. Za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, na mjini zilibandikwa jina la Kayumba. Mzazi aliyejiweza hakutaka mwanawe aonekane huko. Shule mpya zikawatafuta walimu Kenya na Uganda. Nikapanda mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, jingine hadi Lungalunga, nikavuka mpaka Horohoro, nikapitia Tanga hadi Dar.

Nilipewa chekechea, watoto wa miaka minne na mitano. Agizo lilikuwa moja: Kiingereza tupu kuanzia getini. Nikafundisha nilivyofundishwa. Waliitikia kwa sauti tamu, hata wapita njia wakageuka kutazama. Kengele ikilia, Kiingereza kilibaki ndani na watoto wakatoka na Kiswahili chao.

Walimu wenzangu walikuwa na kichekesho chao. Walimtarajia Mkenya wa kuwachekesha kwa Kiswahili cha bara, wakaletewa mtu wa Kiamu, lahaja ya Lamu. "Dada, wewe Mkenya wa wapi?" waliniuliza. Kiamu hicho ndicho kilichonifungulia njia. Siku moja nilijisahau nikamwita mtoto wa nyuma kama tunavyoitana kwetu: "Ndoo hapa!", yaani njoo hapa. Akainuka mbio, akatoka nje, akarudi anaburuta ndoo ya maji. Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia kwa Kiingereza airudishe, nikionyesha kwa mkono. Akairudisha. Kesho yake walitaka wote watumwe ndoo, na neno la Kiingereza la ndoo hawakulisahau tena, ingawa sikuwahi kuliandika ubaoni.

Nikamkumbuka baba ufuoni akiunda majahazi. Mwanagenzi wa jahazi haimbishwi majina ya zana. Fundi yuko juu ya mataruma, ananyoosha mkono: nipe tezo. Ukimpa patasi anakurudishia, ukimpa tezo kazi inaendelea. Baada ya miezi kijana anazijua keekee, misumari na pamba ya kalafati bila mtu kumwambia leo ni somo la zana. Neno linamwingia kwa sababu kuna mtu analingojea.

Nikageuza chumba changu. Watoto wakafungua madirisha, wakagawa uji, wakapanga viatu, wakatafuta kilichofichwa chini ya mkeka niliotoka nao nyumbani, yote kwa Kiingereza kifupi cha kuagizana. Asiyeelewa alielezwa kwa Kiswahili na mwenzake, nami nikajifanya sisikii. Baba mmoja alikuja amekunja uso: "Mwalimu, mimi nalipa ada mwanangu aje kubeba ndoo?" Muhula wa pili alikuja tena akicheka. Mwanawe alikuwa akimwamrisha kwa Kiingereza afunge mlango, avue viatu, anawe mikono.

Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza Julai 2010, tulidhani mambo ya vibali yangelegea. Hayakulegea. Mwaka 2015 Tanzania ilitunga sheria ya kuratibu ajira za wageni, na walimu wengi wa Kenya tukaanza kuhesabu gharama za kibali cha kazi na cha ukaazi. Nilifunga mizigo.

Nyumbani nilikuta madarasa ya awali yamekabidhiwa serikali za kaunti, kufuatana na katiba ya 2010. Mwaka 2019 mtaala wa umilisi ulipoenezwa nchi nzima, mtoto wa awali aliruhusiwa kuanza kwa lugha ya mazingira yake. Kwetu maana yake ni Kiamu na Kiswahili kwanza, Kiingereza kikifuata taratibu. Darasani mwangu hakuna kibao. Rangi tunajifunza kwa miyaa iliyotiwa rangi kwa ajili ya mikeka: mtoto anaombwa nyekundu, anatoa nyekundu. Wanaonisikiliza wakati mwingine ni wajukuu wa mafundi walewale wa majahazi.

Bado wapo wazazi wanaonijia na madai ya Dar: mtoto hajatimiza miezi mitatu darasani, wanataka azungumze kama mtangazaji. Ninachowajibu nawaambia na wasomaji. Zungumza na mwanao kwa lugha unayoiweza vizuri, mtume, msimulie, mjibu maswali yake. Mtoto aliyezoea kusikilizwa kwa lugha ya mama yake hupokea Kiingereza bila vita. Na ukimwona mwalimu wa chekechea amewashikisha watoto fagio na ndoo, muulize wanasema nini kabla hujadai urudishiwe ada yako.