Mtihani wa Mpwa Wangu

Mafubira, kando ya Jinja, Uganda, ilipokuwa bado migomba, mibuni na vumbi la barabara ya Kamuli, hakuna aliyeuliza nani raia na nani mgeni. Mhindi aliyetuuzia mafuta ya taa alizaliwa Jinja. Akikujazia chupa kwa faneli, bila kumwaga hata tone, alikuuliza habari za mama yako kwa Kisoga, na ukichanganya Kiganda humo alikukaripia kama shangazi. Jirani yetu Mjaluo, aliyetoka Kisumu kufanya kazi kiwanda cha nguo, alisema Kiswahili na baba, Kisoga na mama, na ugomvi wa mipaka ya mashamba wazee walimwita yeye awe shahidi. Laiti ungekuwapo mtihani wa uraia, wawili hao wangetupita sote.

Haukuwapo. Mwaka 1970 serikali ya Rais Obote iliwaachisha kazi maelfu ya Wakenya, na jirani akapandisha kitanda na baiskeli juu ya basi la Busia. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin, rais aliyemfuata, akawapa Wahindi siku 90 za kuondoka nchini. Hata waliokuwa raia wa Uganda walipangwa foleni Kampala kuhakikiwa, na wengi wakaambiwa uraia wao umebatilika kwa sababu walichelewa kuukana ule wa Uingereza. Kisoga chao hakikuulizwa na karani yeyote. Mtaani watu walishangilia, maduka yatakuwa yetu! Haukupita muda sukari ikaadimika, sisi tunaoyaona mashamba ya miwa ya Kakira.

Siku hizi mtihani upo, ila unafanywa na watoto wetu, tena ughaibuni. Mpwa wangu anaishi Leicester, mji ambao baraza lake mwaka 1972 lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi Wahindi wetu wasiende huko. (Walikwenda.) Anajiandaa kwa mtihani wa maisha ya Uingereza: maswali 24, dakika 45, na asipopata 18 amefeli. Usiku hunitumia picha za kurasa nimuulize kwa simu. Ndivyo nilivyowajua wake sita wa Mfalme Henry wa Nane, yupi aliachwa, yupi alikatwa kichwa.

"Mjomba, huyu angekuwa Msoga, mahari angelipa kwa kitu gani?"

Hilo halimo kitabuni.

Linaloniudhi zaidi ni Kiingereza. Binti huyu shule ya msingi alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kisoga uwanjani. Hesabu, historia, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, vyote kwa Kiingereza, mpaka chuo kikuu. Sasa Uingereza ina orodha ya nchi inazozihesabu kuwa za Kiingereza. Jamaika imo, Uganda haimo. Kwa hiyo lazima athibitishe kwamba anakijua, ama kwa mtihani wa kuongea, ama kwa kulipia shahada yake ihakikiwe. Kile kibao hakitambuliwi kama ushahidi.

Sheria yetu ya uraia ya 1999 haina maswali 24. Anayetaka uraia wa tajnisi awe ameishi nchini jumla ya miaka 20, awe na tabia njema, na ajue vya kutosha lugha ya kienyeji iliyowekwa na sheria, au Kiingereza. Kiswahili cha baba na yule Mjaluo hakikutajwa. Kenya, katika sheria yao ya 2011, walikitaja. Hata hivyo, kwenye lugha tu tumekuwa waungwana kuliko Waingereza, hilo nakiri. Lakini Katiba yetu ya 1995 ina jedwali la makabila yaliyokuwapo nchini tarehe 1 Februari 1926, na ukitoka humo umezaliwa raia. Wahindi walikuwapo Jinja kabla ya tarehe hiyo. Hawamo.

Karibu na kwangu kuna fundi cherehani, mkimbizi kutoka Kongo. Kiingereza hana, lakini Kisoga chake cha kupatana bei kinawashinda wateja wenyewe. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema mkimbizi hawezi kusajiliwa kuwa raia, hivyo mlango aliobaki akiutazama ni huo wa tajnisi. Alipomsikia mpwa wangu kwenye simu akitaja wafalme, aliniuliza hapa kwetu watu husoma kitabu gani. Nikamwambia hakuna kitabu. Hapa wanataka miaka na karatasi, na miaka anayo.