Parsele ya Bei Kidogo



Huku kwetu Lubarika, kijana akitoka kwenye machimbo ya dhahabu na pesa kidogo mkononi, mara nyingi anatafuta parsele Uvira. Ni wazo nzuri. Afazali parsele kuliko pombe. Lakini mimi humuuliza: bei iko chini hivyo kwa sababu gani?

Tuangalie mji wenyewe. Upande mmoja ni milima ya Mitumba, upande mwingine ni Ziwa Tanganyika, na katikati nafasi ni nyembamba. Tangu vita vya 1996 watu wengi walikimbilia Uvira wakitoka vijijini. Mahali pazuri bei ikapanda. Maskini akabakiwa na kando ya mito na kando ya ziwa. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha, mto Mulongwe ukafurika, ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuua watu. Tena mwaka 2021 na 2024 ziwa lenyewe lilipanda, likaingia ndani ya nyumba za waliojenga karibu na maji.

Kuko wanaosema: ni mapenzi ya Mungu. Mimi siwezi kusema hivyo mbele ya sanduku la mtoto. Mvua ni ya Mungu, lakini karatasi ya kuuza njia ya mto inaandikwa na mtu, na muhuri inatiwa na mtu. Sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni mali ya serikali, na haki ya parsele inakamilika kwa cheti cha kuandikishwa. Basi kama udongo ni wa serikali, serikali ndiyo ya kujibu watu wanawekwa wapi. Lakini maskini anapewa tu karatasi ya shefu na ya mashahidi. Siku maji yanakuja, ao siku tajiri anakuja, hana kitu cha kuonyesha.

Musa aliwaamuru Waisraeli kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kandokando ya dari, mtu asianguke, damu isiwe juu ya nyumba ile. Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Kwa Mungu, kujenga ni jambo la damu ya jirani. Mwenye kugawa parsele naye anajenga.

Ninyi wa machimbo mnajua njia nyingine, ile ya kambi. Kampuni inajenga nyumba, mfanyakazi anaingia na familia yake. Lakini nyumba ya kazi inaisha pamoja na kazi. Sominki iliundwa 1976, ikavunjwa 1997. Mfanyakazi aliyezeeka bila kujenga kwake, aende wapi?

Kwa hiyo tusiwaombe wakubwa nyumba za bure. Tuombe udongo salama. Mji upime kwanza mahali ambapo maji hayapiti, ufungue barabara na mifereji, ulete bomba la maji, kisha ugawe parsele ndogo ambazo mtu wa kazi ya mikono anaweza kulipa kidogokidogo. Wakati wa Wabeleji, mwaka 1952, iliundwa ofisi ya kujenga mitaa ya Waafrika katika miji mikubwa. Walifanya kwa faida yao, ni kweli, lakini ilionekana kwamba mtaa unaweza kupangwa kabla watu hawajaingia. Na mwenye kumwambia maskini "toka hapo kando ya mto" bila kumwonyesha mahali pa kwenda, hajamwokoa; amemfukuza tu.

Na sisi nyumbani tusikae mikono mitupu. Baba, mbele ya kulipa, nenda uone ile parsele wakati wa mvua, si wakati wa jua. Uliza wazee mto ulipita wapi zamani. Pita kwenye ofisi ya kadastre, ujue kama haijauzwa kwa mwingine. Mama awe pale siku ya kulipa, na jina lake liandikwe, sababu siku mume anakufa ndugu wa mume wanafika mbele ya jeneza halijatoka.

Ndugu, mtoto hatatuuliza parsele tulinunua dolari ngapi. Atataka kulala usiku wa mvua bila woga. Hiyo ndiyo bei tuanze kuihesabu.