Kosa Halikuwa Kwenye Programu

Samahani kwa kimya, wasomaji. Laptopu yangu ilikuwa ikijizima kila nikiikompaili programu ya mteja, nami nikalaumu programu siku tatu. Hatimaye niliifungua hapa Ngoliba: pesti nyeupe kati ya prosesa na bamba la kupozea imekauka, imepasuka kama tope la kiangazi.

Pesti hiyo ni silikoni iliyotiwa unga wa oksidi ya zinki. Silikoni tupu hupitisha joto wati 0.2 hivi kwa mita kwa kila digrii. Chembe za unga zinazogusana ndizo hulibeba. Ila unga ukizidi, hakuna cha kuushikanisha. Unapasuka, hewa (0.026 tu!) inaingia.

Nilipaka mpya, tone dogo. Kazi imekwisha, mteja amelipa. Yenu mliifungua lini?