Likizo kwa asiye na kwao

Wiki hii badala ya kusomea UE nimekuwa nachimba sheria za watu. Uingereza kuna sheria ya mwaka 2000 kuhusu vijana waliolelewa na serikali. Inaibana halmashauri hivi: kijana akiwa chuo kikuu na hana pa kukaa likizo, itafute malazi au impe hela ya kulipia. Nilisoma mara mbili. Yaani kuna watu bungeni walikaa wakafikiria likizo!

Nauliza haya kwa sababu ya jamaa ninayembeba chumbani. Amekulia kituo cha watoto mpaka miaka 18, na kitanda chake huko kimeshapewa mtoto mwingine. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inaishia hapo hapo, 18. Boom nalo ni la siku za masomo. Hosteli zikifungwa, kaka, ni wewe na Mungu wako.

Siwasifii Waingereza kupita kiasi. London hiyo hiyo kuna vijana wanaolala kwenye mabasi ya usiku na makochi ya marafiki, na Centrepoint, iliyoanza Soho mwaka 1969, mpaka leo haijakosa kazi. Scotland ndiyo imenivutia: mwisho wa 2012 walifuta ule mchujo wa nani ana shida zaidi. Umekosa makazi bila kujitakia? Una haki ya nyumba, basi. Finland nao tangu 2008 wanaanza na nyumba, mambo ya pombe na ajira yanafuata.

Majirani zetu Kenya mwaka 2003 waliunda mfuko wa familia za mitaani, vijana wakapelekwa NYS kujifunza ufundi. Sensa yao ya 2018 ilipata watu 46,639. Angalau walihesabu. Ila jamaa yangu asingehesabiwa: halali barazani, analala nusu ya godoro la futi tatu, miguu yake usoni kwangu (na soksi ndiyo hizo). Ana kitambulisho cha chuo na shati limepigwa pasi. Nani atamwona?

Nimempigia mama Singida. Kasema aje tu, ugali haujawahi kutushinda. Jamaa hajajibu. Anasema miezi mitatu kula kwa watu, anaona aibu.