Gari ya Mama na Mahari ya Mdogo Wetu



Leo tunaweka pembeni mapishi na hina, tuzungumze gari. Msicheke. Kila tukikaa kwenye shughuli, bi harusi mtarajiwa hatukosi kumuona, na mama mwenye watoto watatu anaepanga kununua kigari cha mkono wa pili hatumkosi pia. Wote wawili wana suali moja ingawa hawajui: pesa yangu nikiitia kwenye kitu cha familia, inabaki kuwa yangu?

Sisi tunaoandika ni watu na dada yake. Mmoja anasomesha skuli ya msingi, mwengine anashona mabuibui nyumbani. Tuna watoto watano baina yetu, tunakaa Fuoni nyumba mbili zinazotizamana, na mama yetu yupo katikati. Mama ana kisukari, na magoti yamemchoka. Kila mwezi ana kliniki Mnazi Mmoja. Kupanda daladala kwake ni mtihani: ngazi ya juu, konda ana haraka, watu wanasukumana. Bodaboda hawezi kabisa. Teksi za kwenda na kurudi, ukizihesabu kwa mwaka, ni pesa ya kumtoa mtu machozi. Ndipo tukanuia kununua gari ndogo ya familia. Waume zetu walisema inshallah watasaidia mafuta, ila mama ni mama yetu, na tulitaka jambo hili liwe letu.

Tulichanga miaka miwili. Mwalimu aliweka akiba hadi ikafika shilingi 3,200,000. Mshonaji alikuwa na 1,100,000, akapokea na zamu yake ya upatu, watu 12 kwa laki 2 kila mwezi, 2,400,000. Upatu tunaupenda kwa sababu kila mtu anachukua kile kile alichotia, hakuna anaezidishiwa wala anaepunjwa. Jumla tukawa na 6,700,000.

Sasa gari gani? Hapa kwetu gari nyingi ndogo zinatoka Japani. Wao wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani unatufaa bila kubadilishwa. Pia kwao gari mpya hukaguliwa ikifika miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi ule una gharama, kwa hivyo wengi huona bora wauze. Ndio maana mabarabara yetu yamejaa Vitz, Passo, IST na Honda Fit. Zote nzuri kwa njia yake. Passo ina injini ndogo, haina tamaa ya mafuta. Spacio ina safu tatu za viti, kwa wenye watoto wengi ni rehema. Lakini sisi tulikuwa na mama, na mama alikuwa na magoti. Hapo tukaijua Toyota Raum.

Raum ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 2003 milango yake ya nyuma haifunguki kwa nje, inateleza kwenda nyuma kama mlango wa Hiace. Tena upande wa kushoto, ambao ndio wa ukingo wa njia kwetu, hakuna ile nguzo ya katikati baina ya mlango wa mbele na wa nyuma. Ukifungua yote miwili unapata uwazi mpana, mtu anageuka, anakaa, kisha anaingiza miguu taratibu. Injini yake ni ya lita 1 na nusu, na inatumia mnyororo wa ndani badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya masafa fulani. Mama alipoijaribu ya jirani alisema neno moja tu: "Hii ndiyo."

Gari ya kwanza tuliyoitizama tuliletewa na dalali. Inang'ara, imepigwa marashi ndani utadhani chumba cha bi harusi. Dalali akaapa kwa Mungu haijawahi kuguswa. Dada zetu, anaeapa kabla hujamuuliza, muogope. Tulikwenda na fundi wetu wenyewe, kijana wa mtaani tuliemlipa elfu 30. Usikubali fundi wa muuzaji, maana huwezi kujua anamtumikia nani. Yule kijana hakuitizama rangi. Alifunua zulia la buti, akatuonesha chuma kilichokunjwa na kuunganishwa upya. Akatuonesha na nati za boneti, rangi imebanduka pembeni, maana yake zilifunguliwa. Gari ilikuwa imegongwa mbele na nyuma. Dalali alipoulizwa akasema, "Hayo madogo." Tukamuaga kwa salamu, tukarudi zetu kwa miguu.

Raum yetu tuliipata kwa mwalimu mmoja mstaafu, mtu mzima wa makamo ya baba yetu. Kabla hatujauliza lolote alitwambia: "Wanangu, kipoza hewa chake kinapoa kidogo tu. Mlango huu wa kushoto unakwama, unataka mafuta. Na chini huku pana kutu nilipokuwa nikiegesha karibu na pwani." Akainama mwenyewe akatuonesha ile kutu. Bei yake ilikuwa 8,200,000.

Mnaikumbuka hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ya muuza chakula sokoni. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikarudi na maji. Akamuuliza mwenyewe ni nini, akajibiwa kuwa kimenyeshewa mvua. Akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, na akaonya kwamba anaeghushi si katika yeye. Zulia la buti ya dalali na kutu ya yule mzee ndiyo hadithi ile ile. Mmoja aliuweka umaji chini, mwengine akauweka juu.

Fundi aliikagua vile vile, kwani uaminifu wa muuzaji haukatazi kukagua. Tunakuandikieni alivyofanya, mhifadhi. Aliomba injini isiwashwe kabla hajafika, aikute ya baridi. Ikiwaka akatizama moshi: wa buluu ni injini inayokula oili, mweusi ni mafuta yanayopotea, mweupe usiokwisha ni maji yanayoingia pasipo pake. Alifungua kifuniko cha oili kuangalia kama pana ute mweupe kama tui, dalili kwamba maji na oili vimekutana. Alihamisha gea kutoka ya nyuma kwenda ya mbele na kusikiliza kama gari inashtuka. Alikata usukani mpaka mwisho na kuzunguka polepole. Ukisikia tak tak tak magurudumu ya mbele, ekseli zimechoka. Akalinganisha namba ya chesisi na iliyomo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Na tairi, alisoma zile namba 4 za ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Iliyoandikwa 2314 imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama meno yake bado marefu. Tairi mbili za mbele zilikuwa zimezeeka. Kila kitu chengine, alhamdulillah, kilikuwa kama alivyosema mwenyewe.

Tukabaki na upungufu wa 1,500,000. Na hapa ndipo maneno yalipoanza.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameposwa, harusi imebaki miezi miwili, na mahari yake imeshafika: shilingi 2,000,000. Jamaa wakasema, pesa si zipo humu humu ndani? Wengine walitushauri tuchukue mkopo. Mkopo wa riba tuliukataa tangu mwanzo. Tuliuliza pia murabaha, ambapo benki inainunua gari kwanza, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa faida mliyokubaliana na isiyobadilika. Kwa mwenye kuhitaji ni mlango wa halali, mradi ahakikishe benki imenunua kweli na si jina tu. Ila kwa upungufu wetu tuliona ni safari ndefu kwa mzigo mdogo.

Siku ya pili mdogo wetu akaja na bahasha. "Hizi hapa. Mama ni wangu pia."

Tulinyamaza. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao, na akaruhusu kula kile watakachokitoa kwa ridhaa ya nafsi zao. Kwa hiyo angetoa kwa hiari ingekuwa halali. Lakini ridhaa ya binti mdogo mbele ya dada zake wakubwa, mama yake mgonjwa na jamaa waliokwisha sema, utaipimaje? Kwetu mtoto mwenye adabu hasemi hapana. Isitoshe anaolewa Chake Chake. Gari itabaki Unguja, yeye yupo ng'ambo ya maji. Akihitaji pesa yake miaka mitatu mbele, atatuambia tuuze mlango mmoja tumpe?

Tukamrudishia bahasha. Akalia. "Mnanifanya mgeni kabla hata sijaolewa." Neno hilo lilituchoma, hatukufichi. Tulikaa nae usiku ule mpaka saa sita, tukamueleza kwamba mahari si akiba ya ukoo. Ni haki yake yeye, aingie nayo kwenye nyumba yake mpya akiwa na kitu mkononi. Mama aliekuwa akisikiliza kutoka chumbani akasema: "Mimi nitapanda gari hiyo kwa raha nikijua hakuna bangili ya mtu ndani ya injini." Kesho yake bi harusi wetu akanunua dhahabu kwa pesa yake. Kisha akatoa akiba yake ndogo ya kuchora hina, akanunua tairi mbili mpya za mbele. Hilo tulilipokea, na tulilipokea kwa furaha, maana alilichagua mwenyewe na hakuna aliemtajia.

Kuhusu upungufu, tulimwambia muuzaji ukweli. Akakubali kupokea 6,700,000 taslimu, na 1,500,000 kwa miezi 5, laki 3 kila mwezi, bila kuzidisha hata shilingi. Tukaandikishana kwa sheha na mashahidi wawili, kama Suratul Baqara, aya ya 282, inavyotufundisha kuhusu deni la muda. Mwalimu alilipa laki 9 katika deni lile, mshonaji laki 6, ili kila mmoja awe ametoa 4,100,000. Nusu kwa nusu.

Kadi ya gari ina jina moja, la mwalimu. Kwa hiyo tuliandika karatasi ya pili: gari ni yetu wawili sawa kwa sawa, tairi mbili ni zawadi ya mdogo wetu kwa mama, mafuta analipa anaetumia, matengenezo tunagawana, na siku ya kliniki haina mjadala. Wengine walitucheka, eti ndugu wa tumbo moja wanaandikiana? Ndio. Mauti hayapigi hodi. Mmoja wetu akitangulia, nusu yake ni ya warithi wake, mume, watoto na mama, wala si ya dada aliebaki na ufunguo. Bila karatasi ile, mjane au yatima angeomba haki yake kwa watu ambao kadi inawasema wenye gari.

Kwa hiyo bibi harusi wetu mnaosoma, tunakunong'onezeni. Matunzo ya nyumba ni jukumu la mume. Ukipenda kumsaidia kununua gari, msaidie, una thawabu zako. Lakini kabla pesa haijatoka mkononi sema jina lake: ni zawadi, ni mkopo, au ni ushirika? Zawadi usiidai. Mkopo uandikwe. Ushirika utajwe kiasi gani ni chako. Sema mkiwa bado mnacheka, kwa sababu siku mtakayokuwa hamcheki, suali hilo hilo litasikika kama tuhuma. Na wewe dada mkubwa, mama mkwe, shangazi, usiitaje mahari ya mtu mbele ya watu. Ukiitaja tu, umeshamnyima nafasi ya kukataa.

Deni tumelimaliza, alhamdulillah, na karatasi yake tumeipokea ikiwa imechanwa mbele ya mashahidi. Mlango wa kushoto ulipakwa mafuta, sasa unateleza. Mama anakaa mbele, anasoma dua ya kupanda chombo kwa sauti, na watoto nyuma wanaitikia hata wasiofika umri wa kwenda chuoni. Mdogo wetu anapokuja kutoka Pemba tunampokea bandarini Malindi kwa gari hiyo hiyo, na kitu cha kwanza anachokiangalia ni tairi zake.

Mwenyezi Mungu atupe vyenye baraka kabla ya vyenye kung'ara, na awape shifaa mama zetu wote. Amin.