Makasha ya Spika katika Nyumba ya Mawe

Katika Unguja ya miaka ya sabini, mtu aliyependa kusikia sauti safi nyumbani mwake hakupata hata fursa ya kujiuliza iwapo anunue spika au aziunde mwenyewe, kwa kuwa bidhaa za nje zilikuwa adimu mno, na redio iliyoharibika, badala ya kutupwa, ilihifadhiwa juu ya kabati mpaka ifike siku ya viungo vyake kufaa katika chombo kingine. Aliyeunda aliunda kwa dharura. Leo maduka ya Darajani yamejaa sabufa za kila namna, zenye kuwakawaka taa za rangi, na bei zake zinamwezesha hata kijana wa kipato kidogo kurejea nyumbani na moja jioni ya siku ya mshahara. Hivyo basi anayeshika msumeno na randa ili aunde zake ndiye anayetakiwa kutoa hoja. Nimeziishi zama zote mbili, nimeunda na nimenunua, na ninaloliandika hapa ni namna sababu za kuunda zilivyobadilika, kwani hoja zetu za zamani zimeondoka zote, na mahali pake pamekuja hoja nyingine ambayo kwa maoni yangu ina nguvu zaidi.

Maarifa ya mwanzo niliyapata kwa ami yangu, seremala wa milango na makasha, ambaye mambo ya redio alijifunza kwa kuzifungua tu. Spika zake zilitoka katika radiogramu zilizokwisha kufa, zile za karatasi nzito zenye ukingo wa kitambaa, na ukingo huo ndio uliozihifadhi, kwa sababu sponji iliyokuja kutumiwa baadaye katika spika nyingi huoza kwa unyevu na joto la kwetu, hata ukiigusa kwa kidole inapukutika. Mbao alizipata katika masanduku ya plaiwudi yaliyokuja na majani ya chai, akaziimarisha pembeni kwa papi za mvule. Kila mwanya aliuziba kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi, kisha akalijaza kasha sufi, ile ile ya mito na magodoro, lakini aliichambua kwanza iwe nyepesi, wala hakuishindilia.

Nilimwuliza siku moja, “Ami, kuna ubaya gani tukiacha upenyo kidogo huku nyuma?”

Akanijibu bila ya kuinua uso katika kazi yake, “Mwanangu, karatasi hii ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Ukiziacha hewa mbili hizo zikutane zitafutana, na besi yote itakwenda zake.”

Kabla ya kufunga parafujo za mwisho alikuwa akigusisha betri ya tochi kwenye ncha za spika, akatazama kama karatasi inatoka mbele au inarudi nyuma, na ilipotoka mbele alitia alama ya rangi nyekundu kwenye ncha iliyogusa upande chanya wa betri. Maana spika mbili zikiungwa kinyume, moja husukuma ilhali mwenziwe anavuta, na msikilizaji aliyekaa baina yake hubaki akistaajabu kwa nini muziki umekuwa mwembamba. Mpaka leo sijaacha kufanya hivyo, ijapokuwa spika nizinunuazo sasa huja na alama zake kutoka kiwandani.

Ami hakupata kuyasikia majina ya Chester Rice na Edward Kellogg, Wamarekani waliochapisha mwaka 1925 muundo wa spika ya koili na sumaku ambao hadi hii leo ndio ulioenea duniani, wala jina la Edgar Villchur, ambaye mwaka 1954, kwa spika yake iliyoitwa AR-1, alidhihirisha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya kasha dogo lisilo upenyo huweza kuwa springi yenye kuirejesha karatasi mahali pake kwa insafu kuliko springi yoyote ya kitambaa. Hayo mikono yake ilikuwa imekwisha kuyafahamu. Alichokikosa ni hesabu. Hesabu zilikuwa zimezaliwa Australia, alikochapisha Neville Thiele mwaka 1961 makala juu ya makasha yenye tundu, na Richard Small akaiendeleza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya sabini, hata ikawa spika yoyote huweza kuelezwa kwa tarakimu chache, yaani mtetemo wake wa asili, ulaini wa ukingo wake, uwezo wa sumaku yake na mengineyo ya jinsi hiyo, na kutokana na tarakimu hizo ujazo wa kasha hupatikana kwa kalamu kabla ya mbao kukatwa. Ami alikata kwanza, akasikiliza, akabomoa, akakata tena, na plaiwudi iliyoharibika kwa njia hiyo ilikuwa hasara kubwa katika siku ambazo ubao mmoja ulitafutwa kwa majuma.

Televisheni ilipoanza Unguja mwaka 1973, nayo ya rangi, wakati Tanzania Bara haikuwa na televisheni ya namna yoyote, sauti yake ilitoka katika spika ndogo ya ubavuni iliyofaa kwa taarifa ya habari na isiyofaa kwa udi wala kwa kanuni. Majirani wakamwomba ami awavutie waya kutoka kwenye televisheni hadi kwenye kasha kubwa, naye akakataa katakata kufanya hivyo bila ya transfoma ya kutenganisha, kwa kuwa katika televisheni nyingi za siku hizo bati la ndani liliungana na umeme wa ukutani, na waya wa spika uliolala sakafuni ungeweza kumwua mtoto. Wapo waliochukia, kwa kuwa transfoma nayo ilikuwa adimu, wakaenda kwa mafundi wengine. Mimi ninamheshimu kwa kukataa kule kuliko kwa ustadi wake wote.

Kuanzia katikati ya miaka ya themanini, milango ya biashara ilipofunguliwa, mali ikaanza kumiminika kutoka Dubai, na jamaa waliokuwa Maskati walipokuja likizo walikuja na video na redio za kaseti. Filamu ambazo tulikuwa tukizifuata Majestic na Empire zikaingia nyumbani. Nakumbuka Sholay, ile ya mwaka 1975, treni yake na kwato za farasi zake na muziki wa R. D. Burman, tukiisikiliza kwa makasha ya ami yaliyopachikwa kila upande wa televisheni. Huko ng’ambo mambo yalikwenda mbio zaidi: mwaka 1987 ukaja mfumo wa Dolby Pro Logic, ulioipa nyumba ya kawaida spika ya katikati kwa ajili ya maneno ya wachezaji, na mwishoni mwa 1996 DVD ikaanza kuuzwa Japani, ikiwa na njia tano za sauti na ya sita ya besi peke yake. Seti kamili ikawa inauzwa ndani ya boksi moja. Nami nilipopata nyumba yangu nilinunua seti hiyo kwa furaha, na sitasema kuwa ilikuwa duni, kwa kuwa maneno ya filamu yalitoka pale pale penye midomo ya wasemaji, na nyaya zake zilikuwa na rangi hata mtoto angeziunga. Palipokuwa na taabu ni kwenye besi: noti moja ilinguruma hata vikombe vikalia kabatini, na noti ya jirani yake haikusikika kabisa.

Sababu yake iko katika nyumba zenyewe. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kuvuka mbali. Kwa hivyo upana wa chumba aghalabu hauzidi mita tatu, ilhali urefu wake mjenzi aliuendeleza apendavyo. Chumba changu kina upana wa mita 2.8. Katika hewa ya joto letu sauti hukimbia kiasi cha mita 349 kwa sekunde, na ukigawa mwendo huo kwa upana mara mbili utapata mitetemo 62 kwa sekunde, ambayo iko katikati kabisa ya besi ya muziki na ya filamu. Mitetemo hiyo hurukaruka baina ya kuta mbili, ikajilimbikiza kwenye kuta na kupotea katikati ya chumba. Na sisi, kwa desturi yetu, hukaa tumeegemea kuta, mahali pale pale inapojilimbikiza. Fauka ya hayo, kuta zenyewe ni matumbawe na chokaa, zenye unene wa nusu mita au zaidi. Nyumba za Marekani kwa kawaida ni fremu za mbao zilizofunikwa bodi za jasi, ambazo hutetemeka na kuimeza sehemu ya besi. Ukuta wa matumbawe hauimezi, huirudisha yote. Kiwanda kilichotengeneza sabufa yangu hakikukosea lolote. Kiliiunda kwa ajili ya chumba cha mtu mwingine.

Dawa ya maradhi hayo niliikuta katika utafiti uliotolewa mwaka 2002 na Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya Harman, aliyepima namna idadi ya sabufa na mahali pa kuziweka vinavyobadilisha besi chumbani. Sabufa mbili zikiwekwa katika kuta mbili zinazokabiliana, zikasukuma kwa pamoja, mtetemo ule wa upana hauanzi kamwe, kwa sababu kila moja inaufuta wa mwenziwe. Mtu ataniambia kwamba sabufa mbili huweza kununuliwa, na ni kweli, lakini katika chumba cha mita 2.8 makasha mawili ya dukani yaliyowekwa yakitazamana huacha njia ya kupita kwa ubavu tu. Niliunda yangu mapana na mafupi, yenye spika za inchi 10, yakaingia chini ya viti virefu vya ukutani, moja upande huu na moja upande wa pili. Nikayaziba bila ya tundu, kama alivyokuwa akifanya ami, kwani besi ya kasha lililozibwa hushuka taratibu, desibeli 12 kwa kila oktava, ilhali ile ya kasha lenye tundu hushuka 24, na chumba kidogo chenye kuta ngumu huinua sauti za chini kabisa, kikafidia ule mshuko wa taratibu vizuri kuliko mshuko wa ghafla.

Kisha yakaja mashubaka. Ukuta wa kichwani mwa chumba una mashubaka mawili, yaliyochongwa na mjenzi kwa ajili ya vyombo vya kaure na misahafu, na vipimo vyake havilingani na spika yoyote iliyopata kuuzwa. Spika ya dukani ukiitia humo, hasa yenye tundu nyuma, sauti yake huziba na kunguruma. Lakini kasha lililoundwa kulijaza shubaka, uso wake ukawa sawa na uso wa ukuta, huondokana na mwangwi ule unaotoka nyuma ya spika ukarudi kuifuta sauti ya mbele; studio za kurekodi hupachika spika kubwa ndani ya kuta kwa sababu hiyo hiyo. Ndani yake nimetia spika za inchi 6.5 na tuita za hariri, na baina yake kapasita ya maikrofaradi 6.8 na koili ya milihenri 0.4, ambazo kwa spika za omu 8 huzigawanya sauti karibu na mitetemo 3,000. Nikiwasha rekodi za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905, nasikia fidla zikiwa zimejipanga ukutani kuanzia shubaka hadi shubaka, na mtu aliyekuwa akipiga besi anatambulikana kuwa amekaa nyuma yao.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi na kwa ukweli. Spika iagizwayo mojamoja kutoka nje, pamoja na nauli, ushuru na ijara ya seremala kwa asiyejua kukata mwenyewe, hufanya seti iliyoundwa kuwa ghali kuliko ya dukani yenye ukubwa ule ule, na anayewaambia vijana kwamba wataokoa fedha anawahadaa. Faida iko katika umri wa kitu. Chipbodi ya makasha mengi ya bei nafuu huvimba kwa unyevu wa masika. Sabufa zenye amplifaya ndani yake ziliungua nyingi nilizozijua katika miaka ile ya giza, kisiwa kilipokosa umeme takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, tukawa tunaishi kwa majenereta ambayo umeme wake ulipanda na kushuka. Na amplifaya ikiungua ndani ya kasha, aghalabu kasha zima hutupwa. Makasha ya ami, ambayo ndani yake hamna ila sumaku, koili na karatasi, hayakudhurika, na jozi moja bado inapigwa katika nyumba ya binti yake.

Mpwa wangu, anayeishi katika majumba ya Michenzani, ameniomba nimwundie seti kama yangu. Nimekwenda kukipima chumba chake: upana na urefu vimekaribiana mno, hivyo mitetemo ya pande mbili inaangukia mahali pamoja, na mashubaka hamna. Nimemshauri anunue spika za mbele na za nyuma dukani pamoja na amplifaya, kwa kuwa mkono wangu hautaziongezea lolote katika chumba kile, na fedha itakayobaki tuitie katika makasha mawili ya besi ya marinbodi ya milimita 18, yenye kimo cha kuingia chini ya dirisha na nyuma ya mlango, ambako vipimo vya simu yake vimeonyesha kuwa besi inasawazika. Michoro ameitengeneza yeye kwa kompyuta, nami nimeikagua sikuona dosari. Seremala ameahidi mbao baada ya Idi, na kulehemu atalehemu mpwa mwenyewe.