Martha na Abrahamu katika Dominika Moja



Nimefurahi kusikia kwamba paroko amekukabidhi ibada ya kigango kwa Dominika asizoweza kufika. Unauliza mafundisho ya Dominika ya 16, Mwaka C, uyaandaeje, maana Injili ni ya Martha na Maria na kila mtu anaijua. Injili inayojulikana na kila mtu ndiyo inayotaka kuandaliwa zaidi.

Anza Jumatatu. Isome Injili kwa sauti, kisha fungua Biblia nzima, kwa kuwa masomo ya Misa hukatwa. Utakuta kabla tu ya Martha, Luka ameweka habari ya Msamaria mwema, ambayo waamini wako wameisikia Dominika iliyopita. Mwanasheria aliyesimuliwa habari hiyo na Yesu aliambiwa aende akatende. Martha anatenda, na anaambiwa kwamba dada yake aliyeketi ndiye aliyechagua vema. Usimhubiri mmoja ukamsahau mwingine.

Sasa somo la kwanza. Katika utaratibu wa masomo ya Misa uliotolewa mwaka 1969, somo la Agano la Kale kwa Dominika za kawaida huchaguliwa liendane na Injili. Basi kila wiki jiulize: haya mawili yamekutanishwa kwa nini? Safari hii ni Mwanzo 18, Abrahamu kwenye mialoni ya Mamre. Jua la mchana, wageni watatu, na mzee anapiga mbio. Anamhimiza Sara akande unga, anachagua ndama laini, analeta siagi na maziwa. Mwanangu, huyu anahangaika kuliko Martha! Wala hakemewi, anaahidiwa mtoto. Ukisimama mbele ya akina mama wanaoamka alfajiri kuwapikia wageni wa parokia, ukawaambia kazi ya jikoni haina thamani mbele ya Mungu, utakuwa umewaonea, na somo la kwanza litakusuta. Injili hailaumu chakula. Inagusa wasiwasi uliomjaa Martha hata akamshtaki dada yake kwa mgeni. Abrahamu alipokwisha kuandaa, alisimama karibu na wageni chini ya mti wakila, na hapo ndipo ahadi iliposemwa. Kaa hapo. Usiwe na haraka ya kwenda kwingine.

Zaburi ya 15 nayo isikupite: inauliza ni nani atakayekaribishwa hemani mwa Bwana. Mwanadamu, aliyekuwa mwenyeji katika Abrahamu na Martha, sasa anaomba awe mgeni wa Mungu.

Somo la pili, la Wakolosai, usilivute kwa nguvu. Katika Dominika hizi nyaraka hufuata mwendo wake, wiki baada ya wiki, bila kutafutiwa ulinganifu na Injili. Likikuangazia, lipokee, lisipokuangazia, liache linene lenyewe linaposomwa.

Nayapenda masomo yaliyopangwa kwa sababu hayaniachi nihubiri lile tu ninalolipenda. Kuna Dominika yanatupa neno gumu ambalo kigango kizima, na mhubiri wao, wasingelichagua kamwe. Usilikwepe.

Dakika kumi za mafundisho zinakutosha. Dominika ya 17 utabaki katika sura hiyohiyo ya 18, Abrahamu akiwaombea watu wa Sodoma, na Injili ni Yesu akiwafundisha wanafunzi kusali. Soma pia aya zilizorukwa katikati, zenye kicheko cha Sara, kisha uniandikie umeona nini.

Shangazi yako